Ngata Iliyotolewa Gotini

Konsolata mwanangu,

Umekwenda Rwezamenyo kuwaaga wenzako na mama yako yuko sokoni, kwa hiyo nyumba ni yangu mpaka saa kumi. Nimechukua daftari lako la zamani, lile la hesabu, nikachana kurasa za katikati. Kalamu haijauzoea mkono wangu. Niliishia darasa la tano kule Kasulu, na tangu hapo nimeandika jina langu tu kwenye karatasi za kazi. Utavumilia mwandiko.

Habari ya safari yako ya Dar es Salaam, ya nguo, ya chakula cha njiani, ya watu wa kwenye basi na ya mpaka wa Rusumo, mama yako amekwisha sema yote, na mengine ameyasema mara tatu. Sina la kuongeza. Ninataka kusema habari ya goti. Najua umechoka nayo. Mimi pia nimechoka, tena nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo wewe huistahili.

Unakumbuka mara ya kwanza tulipokwenda hospitali kwa ajili yangu. Wewe ulikuja kunisomea karatasi. Nilikuwa na tumaini la kijinga. Dereva mmoja wa lori la mchanga aliniambia kwamba siku hizi kitu kilichotolewa gotini kinaweza kurudishwa, shemeji yake alikwenda nje akawekewa. Basi nikavaa shati la Jumapili, kama mtu anayekwenda kuposa.

Yule daktari, mama mwenye miwani, aliitazama picha yangu muda mrefu. Halafu akasema na Kiswahili chake cha hapa Kigali, "Muzehe, hapa hakuna kitu imebaki. Nani alitoa yote?"

Nikamwambia aliyetoa ni daktari, lakini aliyeomba yote itolewe ni mimi.

Alinieleza vizuri, sina lawama naye. Ndani ya goti kuna vipande viwili vya gegedo, kimoja upande wa ndani na kimoja upande wa nje, kila kimoja kimepinda kama mwezi mchanga. Wao wanaviita menisko. Mfupa wa paja unakaa juu yake. Nilipomuuliza kama ni kama ngata ambayo mwanamke anaiweka kichwani chini ya mtungi, alicheka akasema hata Kinyarwanda wanaiita ingata, na kwamba hakuna mgonjwa aliyemrahisishia kazi kama mimi. Basi mimi goti langu la kulia limebeba mtungi bila ngata miaka kumi na miwili. Mfupa umesagana na mfupa, na mguu umepinda kwenda nje. Nilidhani ni uzee. Nina miaka arobaini na sita.

Nikaanza kugonga milango mmoja mmoja, wewe ukinisaidia maneno.

Nikauliza habari ya ile ya shemeji wa dereva. Akasema ndiyo, iko. Wanachukua menisko ya mtu aliyefariki, wanaihifadhi kwenye baridi kali, wanapima iwe saizi ya goti lako, wanaishona ndani. Yeye hajui mahali hapa nchini panapofanya hivyo. Lakini hata ningebebwa mpaka huko kunakofanyika, wangenirudisha, kwa sababu wanamwekea mtu ambaye mifupa yake bado ni laini na mguu wake umenyooka. Ningekwenda mwaka wa kwanza au wa pili baada ya kutolewa, pengine. Na aliyewekewa haruhusiwi kurudi kubeba saruji, na haidumu milele.

Nikauliza kama hakuna ya kutengenezwa na watu. Akasema iko ya namna ya sifongo, wanaishona pale palipo na pengo, na mwili wenyewe unajaza polepole. Hiyo nayo inataka ukingo wa menisko ya zamani uwe umebaki, ili ipate pa kushikilia. Hapo nilielewa bila kutafsiriwa. Ni kama wavu tunaoupigilia kabla ya lipu. Wavu mzuri, lipu nzuri, lakini ukuta uko wapi? Ukuta nilisema uondolewe.

Iko nyingine ya plastiki, haishonwi, inaingizwa tu ikakaa. Akasema bado ni ngeni hata kwa wenzao, wanaitazama itadumu vipi, nisiiweke moyoni. Kuna kukata mfupa wa mguu na kuunyoosha, ili uzito uhamie upande ambao bado mzima. Hiyo inawezekana hata kwangu, lakini hairudishi kitu, ni kama kupiga kabari chini ya nguzo iliyoegemea. Na kuna goti zima la chuma. Kwa hilo akasema, "Bado kijana, muzehe," na sisi wote watatu tukacheka, kwa sababu ni muzehe au ni kijana? Alimaanisha kwamba la chuma nalo linalika, na mtu wa umri wangu mwenye kazi yangu atalimaliza mapema, na la pili ni gumu kuliko la kwanza.

Kilichobaki ni mazoezi ya paja, kupunguza uzito ambao sina, sindano ikizidi, na kutafuta kazi ya kukaa.

Niliinuka na shati langu la Jumapili. Ndipo yule mama akakuangalia wewe ulivyoinuka. Ulishika meza. Ulinyoosha mguu wa kulia kwanza, ukangoja kidogo, kisha ukasimama. Akakuuliza, "Na wewe, goti iko namna hiyo tangu lini?"

Ukasema si kitu, uliruka ukatua vibaya mazoezini. Mimi nilikuwa nimekwisha jua. Wiki mbili nilikuwa nakutazama ukishuka ngazi zetu hizi za Kimisagara kwa ubavu, mguu mmoja unatangulia na mwingine unaufuata kwenye ngazi ile ile. Hakuna mtu anayeshuka hivyo kwa kupenda. Nilijua, nikasubiri wewe useme. Sijui kwa nini nilisubiri. Labda kwa sababu mimi nilificha langu na hakuna aliyeniuliza.

Ukapigwa picha, na Jumanne hii tukarudi kwa jibu. Daktari alifurahi, unakumbuka? Alisema menisko yako imechanika pembeni, kule ambako damu inafika, na mchaniko ni mpya. Inashonwa. Lakini mapema, kabla hujaizidisha kwa kuruka. Wiki sita kwa magongo, kisha miezi mingi ya mazoezi bila kuruka. Hakukudanganya kwamba ni hakika, alisema wengine uzi haushiki na wanarudi tena mezani. Lakini alisema, kama ungekuwa binti yake, angeshona. Akakupa siku ya Alhamisi ijayo.

Na wewe ukasema maneno ambayo nimeshindwa kuyatoa kichwani. Ulisema, "Daktari, nitoleeni tu hicho kipande. Baba alitolewa yote, na wiki ya tatu alikuwa kazini amebeba saruji ghorofani. Si ndiyo, Baba?"

Daktari alinigeukia. Alikuwa ameiona picha yangu. Alikuwa anangoja, na mlango alikuwa ameniachia wazi.

Nami nikatabasamu. Nikasema, "Ndiyo, lakini ilikuwa zamani."

Hilo ndilo ninaloliandikia, Konsolata. Tangu Jumanne nimekukasirikia wewe kwa ukaidi wako, nimemkasirikia kocha wako wa Dar es Salaam ambaye sijawahi kumwona, nimeikasirikia hata voliboli yenyewe. Tulipotoka ulisema kambi ya timu inaanza Jumatatu na nafasi haingoji mtu, nikapandisha sauti barabarani mpaka watu wa moto, wale wa pikipiki, wakageuka. Ukaniambia, "Baba, goti ni langu." Na lile tabasamu langu lilikuwa limekwisha kujibu kwa niaba yangu.

Sasa nikuambie ilivyokuwa.

Ulikuwa na miaka minane. Mimi nilikuwa yede, kibarua wa kuwabebea mafundi, kwenye lile jengo refu la mjini lenye vioo vya buluu. Tulikuwa tunapanda kwa mbao zilizoegemezwa, mmoja nyuma ya mwingine, mfuko wa saruji kichwani. Sheria ya msafara ule ni moja tu, kwamba husimami. Ukisimama, kumi nyuma yako wamesimama na wote wamebeba. Kwenye kona unageuka na mwili, unyayo ukiwa umeganda kwenye ubao. Pale ndipo goti langu lilipolia. Sikuangusha mfuko. Nilijivunia hilo siku nyingi, kwamba sikuangusha mfuko.

Daktari wa wakati ule aliniambia yale yale uliyoambiwa wewe. Tunaweza kushona, utakaa wiki sita bila kukanyaga. Au tunaweza kutoa kilichochanika, utatembea wiki hii hii. Sasa pale kazini tulikuwa na desturi. Mtu akiugua, mwenzake mmoja anamleta ndugu asimame mahali pa mgonjwa, na msimamizi anajifanya haoni, mradi hesabu ya vichwa imetimia. Sinzinkayo, yule Mrundi aliyekuwa anakuletea mahindi ya kuchoma, ndiye aliyenishikia nafasi kwa mdogo wake. Alikuja kuniona akaniambia wazi. "Wiki mbili naweza. Sita, msimamizi ataniuliza huyu ni mdogo wangu au ni mrithi wako."

Nikarudi kwa daktari nikasema toeni. Akasema atatoa kile kilichochanika tu, aache kinachofaa. Nikamwambia, "Toa yote. Sitaki kurudi hapa mara ya pili." Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Nilifikiri ni kama jino. Alibishana nami kidogo, halafu alipofungua akakuta pameraruka zaidi ya alivyodhani, na mimi nilikuwa nimekwisha weka sahihi. Kwenye karatasi ile jina langu niliandika vizuri sana.

Wiki ya tatu nilikuwa kazini, hilo ni kweli. Lakini sikubeba. Sinzinkayo alibeba zamu yake na nusu ya yangu, na mdogo wake akabeba nusu nyingine, na mimi nilikaa chini nawatwisha wenzangu mifuko. Goti lilijaa maji kila Ijumaa. Siku mbili nilizolala nyumbani nikasema ni malaria, ilikuwa goti. Mama yako alinichemshia majani na mimi nikayanywa, ili uongo ukamilike.

Na ile nafasi? Miezi minne baadaye jengo lilikwisha. Walitupanga mstari, wakatushukuru, wakatuaga wote siku moja, mimi na Sinzinkayo na mdogo wake na msimamizi mwenyewe. Nilitoa kitu cha maisha yangu yote ili nilinde kitu cha miezi minne. Ninapopita pale siku hizi navuka barabara. Mlangoni kuna ngazi tisa, nimezihesabu, na siwezi kuzipanda bila kushika chuma.

Wala hilo si kosa langu kubwa. Mtu anakosea akiwa na njaa na watoto, Mungu anaelewa. Kosa langu kubwa ni kwamba niligeuza kosa lile kuwa hadithi. Kila mgeni alipokuja nilikunja suruali nikaonyesha makovu. "Walinikata Jumatatu, Jumatatu ya tatu niko ghorofani." Watu walicheka, wakasema huyu Muha ni chuma. Wewe ulikuwa unakaa mkekani unanitazama. Uliipeleka shuleni hadithi ile. Mwalimu wako wa michezo aliniambia ulipokuwa umechoka ulikuwa unasema, mimi ni mtoto wa Gervas. Nilifurahi sana siku ile. Hakuna zawadi nyingine niliyowahi kukupa ambayo ulishika hivyo, na ilikuwa mbovu.

Hata kazi yangu ya sasa hujui. Nilikuambia kule Busanza ninasimamia vifaa. Ninachekecha mchanga, Konsolata. Nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mguu wa kulia nimeunyoosha mbele kama mtu anayeota jua, nachekecha mpaka jioni. Wale vijana wananitania kwa heshima, wananiita direkta wa mchanga. Siku ambayo ndoo ilichukuliwa nilisimama saa nzima, kwa sababu kukaa chini naweza, kuinuka ndiyo shughuli. Na kanisani unadhani nakaa nyuma kwa unyenyekevu. Siwezi kupiga goti. Padre akiinua mwili wa Bwana, watu wote wanashuka na mimi nabaki nimesimama kama mwizi aliyekosa pa kujificha. Sijamwambia mtu hilo, hata kwenye kitubio, kwa sababu sikujua ni dhambi ya namna gani.

Sikuandikii ili unihurumie. Ukinihurumia utakuwa umeelewa vibaya. Nakuandikia kwa sababu ulifanya uamuzi wako kwa kumtazama mtu ambaye hayupo. Ulimtazama yule wa kwenye hadithi. Mimi ndiye niliyemtengeneza, na mimi ndiye ninayepaswa kumbomoa kabla hujapanda basi.

Wewe ulikuwepo, ukaitafsiri milango yote niliyoigonga kwa yule daktari. Umeisikia ikifungwa kwa masikio yako. Ya mtu aliyekufa, ya sifongo, ya plastiki, ya chuma. Watu wenye akili wamehangaika miaka na miaka kutafuta cha kuweka mahali pa kile kipande, na bado hakuna walichotengeneza kinachofanana na kile ulichonacho wewe, hata kikiwa kimechanika pembeni. Halafu wewe unataka kukitupa kwa ajili ya Jumatatu.

Unasema utatibiwa huko huko Dar. Labda. Sijui watu wa timu yako, wanaweza kuwa watu wema. Lakini najua mtu aliye peke yake ugenini, mwenye nafasi inayongojwa na wengine, anachagua nini akiambiwa kuna njia ya wiki tatu na njia ya nusu mwaka. Hachagui, anakimbia. Mimi nilikuwa na mke na rafiki na bado nilikimbia.

Sikukatazi kwenda. Una miaka ishirini, na ningekukataza ungekwenda umenuna, ukaruka kwa hasira, na goti lingelipa. Mama yako anasema nikuache, kwamba mtoto akishaota mabawa baba ashike kofia yake. Nimemwambia mabawa sina shida nayo, shida ni mahali pa kutua. Alicheka, lakini baadaye nilimwona anafuta macho na kanga.

Sina hakika kwamba uzi utashika. Daktari mwenyewe hana. Inawezekana ukashonwa, ukakaa miezi yote hiyo, timu ikamchukua mwingine, na goti likakataa vilevile. Ikiwa hivyo utanichukia, na utakuwa na haki. Nakuambia hata hivyo. Wakisema hakishoneki kabisa, basi watoe kidogo iwezekanavyo, na uwaambie waache ukingo. Usiseme kamwe "toa yote". Hayo ndiyo maneno mawili ya ujinga kuliko yote niliyosema maishani, na niliyasema kwa ujasiri.

Leo asubuhi nilifanya jambo, na afadhali ulisikie kwangu. Namba ya kocha iko kwenye ile karatasi ya mwaliko mezani. Niliipiga. Ikalia mara mbili, nikakata kabla hajapokea. Nilitaka kumwambia kila kitu, nikaona nitakuwa nimekuibia. Yeye hajui kwamba umechanika, na hilo linanikera kuliko kambi yenyewe. Anamngojea mtu mwenye magoti mawili mazima. Akikujua ulivyo na akasema njoo, tutakushonea, tutakungoja, basi nenda na baraka zangu zote, hata kesho. Akisema usije, utalia hapa hapa kwenu, na Alhamisi tutakwenda pamoja kwa yule mama mwenye miwani, na mimi nitamwambia mbele yako kile nilichopaswa kumwambia Jumanne.

Lakini mpigie wewe. Leo, kabla hujafunga begi. Sauti ikikwama, nipe simu mimi, nitasema maneno machache tu ninayoyaweza, kwamba mimi ni baba yake Konsolata, binti yangu amechanika goti, nalo lazima lishonwe.

Barua hii naiweka ndani ya kiatu chako cha kuchezea, cha mguu wa kulia, kwa sababu najua viatu ndivyo unavyofunga mwisho. Ukimaliza kuisoma, usinijibu kitu. Nipo hapa nje, nimekaa. Njoo na simu.

Baba yako,
Gervas